Mwandishi wa Grambling: Kumbukumbu ya Bwana Collie J. Nicholson

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika chama hiki twalijua neno hilo kwa upande wa fedha, ndiyo sababu hesabu zetu husomwa kila mwaka mbele ya mkutano. Lakini sifa njema ya watu nayo ni mali, na isipoandikwa hupotea vilevile. Kwa hiyo tumeona vyema kuwaeleza wanachama habari za mtu wa nchi ya mbali, ambaye kwa miaka 30 alilitunza daftari la namna hiyo.

Grambling ni mji mdogo kaskazini mwa jimbo la Louisiana, katika Marekani. Chuo kilichopo hapo kilianza mwaka 1901 kikiwa shule ndogo. Waliokianzisha ni wakulima weusi waliokuwa wameunda chama cha kusaidiana, mfano wa vyama vyetu. Walimwomba Booker T. Washington wa Tuskegee awapatie mwalimu, naye akampeleka Bwana Charles P. Adams. Basi kazi hii ilitoka mikononi mwa watu maskini walioungana.

Mwaka 1941 chuo kilimpata mwalimu wa michezo, Bwana Eddie Robinson. Alifundisha mpira wa Kimarekani, ambao ingawa huitwa mpira wa miguu huchezwa zaidi kwa mikono. Vijana wake walicheza vizuri sana. Walakini siku zile weusi na weupe walitengwa kwa sheria katika majimbo ya kusini, na magazeti makubwa ya huko hayakujishughulisha na michezo ya vyuo vya weusi. Timu iliweza kushinda Jumamosi, na Jumatatu asiwepo mtu wa mji wa pili aliyepata habari.

Mwaka 1948 mkuu wa chuo, Bwana Ralph Waldo Emerson Jones, alimkabidhi Bwana Nicholson kazi ya kueneza habari za michezo. Bwana Nicholson alikuwa amesoma papo hapo Grambling. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa mmoja wa watu weusi wa kwanza kuwa waandishi wa habari za vita katika kikosi cha Marines cha Marekani. Alirudi nyumbani na ujuzi wa kalamu, akautumia kwa faida ya watu wake.

Njia yake haikuwa ya siri. Alijua kwamba magazeti ya watu weusi yaliyokuwa yakitoka kila juma, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yalisomwa katika miji mingi mbali na kusini. Akayaandikia habari za michezo pamoja na za wachezaji wenyewe, tena bila kuchoka. Hivyo msomaji wa Chicago, ambaye hakupata kukanyaga Louisiana, alilijua jina la Grambling.

Matunda yalionekana. Mwaka 1949 kijana Paul Younger wa Grambling aliandikwa na timu ya Los Angeles Rams, akawa mchezaji wa kwanza kutoka chuo cha watu weusi kuingia katika ligi kuu ya malipo. Baada yake walifuata wengine, hata wanafunzi wa Bwana Robinson waliofika huko wakazidi 200. Hapana shaka nguvu na ustadi vilikuwa vya vijana wenyewe. Kazi ya kalamu ilikuwa kuhakikisha kwamba wenye mlango wanajua nani anabisha.

Mwaka 1968 Grambling walicheza na Morgan State katika uwanja wa Yankee, New York, mbele ya watazamaji zaidi ya 60,000. Walishindwa, 9 kwa 7. Hilo nalo limo katika kumbukumbu, kwa kuwa daftari la kweli haliandiki ushindi peke yake. Mwaka 1974 Bwana Nicholson alikuwa miongoni mwa walioanzisha shindano la Bayou Classic, kati ya Grambling na Southern, katika mji wa New Orleans. Mwaka 1976 timu ilivuka bahari kwenda kucheza Tokyo. Yeye aliacha kazi mwaka 1978, na alifariki dunia mwaka 2006. Bwana Robinson alistaafu mwaka 1997 akiwa ameshinda michezo 408, na kila mmoja waweza kuonyeshwa tarehe yake.

Sasa na tujitazame wenyewe. Kila mtu wa Kenya amefundishwa kwamba Bwana Wilson Kiprugut ndiye aliyetuletea medali ya kwanza ya Olimpiki, mwaka 1964. Je, ni wangapi kati ya vijana wetu wanaoweza kueleza habari za Nyandika Maiyoro na Lazaro Chepkwony, waliokimbia London mwaka 1954? Na wale walioshindana katika viwanja vya wilaya tu, ambao majina yao hayakufika mjini, watatajwa na nani? Wapo wazee waliowaona kwa macho. Kila mwaka twawazika baadhi yao, na tunapomzika mzee twazika pamoja naye majina yasiyoandikwa popote.

Kwa hiyo twawasihi wanachama. Kila tawi na linunue daftari moja, na kijana mwenye mwandiko mzuri akae na wazee, aandike jina, mahali, mwaka, na matokeo, ya kushinda na ya kushindwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya shada la maua. Wakulima wa Grambling walianza na shule moja, na Bwana Nicholson na kalamu moja. Sisi hatukosi kalamu, na wazee wangalipo. Tuwaulize kabla jua halijatua.