Bustani ya Kipwani Popote Ulipo: Anza na Kivuli na Udongo

Wengi wetu tuliozaliwa Pwani tunaishi mbali na kwetu. Kuna walio Nairobi kwa kazi, walio Maskati kwa jamaa zao, na walio Uingereza kwa masomo yaliyogeuka makazi. Karibu kila mmoja amewahi kupanda asmini au mrehani mlangoni, ukafa, akasema, "Huku hakuoti kitu." Mimi pia nilisema hivyo. Nilikosea, na kosa langu lilimhuzunisha mamangu. Naandika ili mwengine asilirudie.

Mamangu alikuja kukaa nami South C, Nairobi, baada ya nyumba ya Mji wa Kale kuuzwa na warithi kugawana. Kule alikuwa na ua wenye mkadi konani, asmini ukutani na mrehani kwenye madebe. Mwaka ule mjukuu wake alikuwa aolewe mwezi wa Agosti, na bibi alikuwa na ombi moja tu: atunge vikuba kwa maua ya nyumbani, si ya kuagizwa kwa basi. Mwezi wa Aprili nikanunua miche sita ya asmini, nikaipanda ardhini, nikainywesha asubuhi na jioni kama tulivyozoea Mombasa. Kufikia Julai majani yalikuwa ya manjano. Tulipong'oa mmoja, mizizi ilikuwa imeoza. Mama alifinya udongo mkononi akasema, "Mwanangu, huu ni udongo wa kufinyangia vyungu." Maua ya harusi yalikuja kwa basi, nusu yamenyauka.

Udongo na maji

Nilidhani baridi ndiyo iliyoua. Baridi ilisaidia tu. Udongo mweusi wa upande ule wa Nairobi hushika maji, na mwezi wa Juni hadi Agosti, jua likiwa hafifu, maji hayo hayakauki. Mombasa udongo wetu ni mchanga na mawe ya matumbawe, maji hupita upesi. Asmini ile ile, maji yale yale, matokeo mbalimbali.

Siku hizi napanda kwenye ndoo na madebe yaliyotobolewa chini. Nachanganya udongo mwekundu, mchanga na samadi iliyooza vizuri, kiasi sawa sawa. Kabla ya kunywesha natia kidole: kikitoka na unyevu, nangoja. Miezi ya baridi nanywesha asubuhi peke yake, ili usiku usikute mizizi imelowa. Vyombo naviweka karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri, kwa sababu ukuta huo hutunza joto na kulitoa usiku.

Kivuli kwanza

Kosa langu la pili lilikuwa kutaka ua kabla ya kivuli. Mfano tunao Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, palipobaki mwamba mtupu na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26, zikaishi 3, na uliofaa zaidi ni mvinje. Majani ya mvinje yalipoanguka hayakuoza upesi, mpaka walipoletwa majongoo, wakayala na kuyageuza udongo. Kivuli na udongo vilipopatikana, miti mingine ikafuata. Mahali hapo ndipo Haller Park ya leo.

Basi nyumbani panga kwa tabaka. Juu, mgomba au mpapai. Katikati, majimbi yenye majani mapana, na asmini ikitambaa ukutani. Chini, mchaichai na mrehani, lakini mrehani uwe upande wenye jua. Ardhi ifunike kwa majani makavu. Majani mapana yakiwa mbele, hata ua wa hatua nne kwa sita huonekana una kina. Mgomba hustawi Nairobi vizuri, ila huchelewa kuzaa kuliko Pwani.

Walio kwenye jua kali

Kwa walio Oman, adui ni jua na ukavu. Wenyeji walipata jawabu zamani: mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaji, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Mtende huwa juu, ndimu na komamanga chini yake, na majani ya mifugo chini kabisa. Kila tabaka huikinga inayofuata. Uani kwako, mtende mmoja au turubai la kivuli lafanya kazi hiyo. Nywesha jua likishatua, na maji yafike kwenye mizizi, yasiishie juu ya udongo.

Walio kwenye baridi ya kuganda

Ulaya kuna jalidi, yaani umande unaoganda, nayo huua asmini na mrehani kwa usiku mmoja. Hii mimea yetu iwe ya chomboni: nje wakati wa joto, ndani dirishani kabla ya jalidi ya kwanza. Ardhini panda mimea yenye sura ya kwetu lakini yenye kustahimili. Mgomba uitwao Musa basjoo hufa majani, lakini shina la chini likifunikwa kwa nyasi kavu huchipua tena. Mnazi hauwezi kuishi huko, lakini kuna mchikichi wa China, Trachycarpus fortunei, unaovumilia hata theluji. Kisiwani Tresco, kusini magharibi mwa Uingereza, Augustus Smith alianza bustani mwaka 1834 ambayo mpaka leo ina mimea ya nchi za joto. Ilimbidi ajenge kuta na kupanda miti ya kukinga upepo wa bahari.

Maji ya kupendezesha

Ukitaka beseni la maji, kumbuka mbu. Nyumba za kale za Lamu ziliweka samaki wadogo kwenye birika ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki watatu wanne wadogo watosha.

Ua wetu haujawa ule wa Mji wa Kale. Lakini mjukuu wa pili alipoolewa, tulichagua mwezi wa Februari, wakati wa joto. Mama aliketi kwenye mkeka tangu alasiri, sinia la asmini na mrehani mbele yake, akatunga vikuba mpaka magharibi, akiwafundisha wasichana walioketi naye. Mkadi tu ndio uliokuja kwa basi.