Mama Asiyeonekana: Habari za Biashara ya Watoto wa Mbwa katika Uingereza

Wahenga walisema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Neno hili lilisemwa juu ya vyombo vya baharini, lakini lafaa vile vile kwa kiumbe mdogo aliyeketi nyuma ya kioo cha duka, mwenye macho maangavu na manyoya yaliyochanwa. Mpita njia humwona akicheza, moyo ukamlainika, mkono ukaenda mfukoni. Aghalabu haulizi kiumbe huyo alizaliwa wapi, alinyonya siku ngapi, wala alipita mikono mingapi kabla ya kufika pale. Habari za biashara ya watoto wa mbwa katika Uingereza ni habari za swali hilo. Sheria za nchi ile zilikagua barabara, zikakagua duka, kisha zikakagua shamba. Ilipita zaidi ya karne moja na nusu kabla ya sheria kumtaka mwuzaji amwonyeshe mama.

Katika zama za Malkia Victoria mbwa waliuzwa London barabarani kama matunda na maua. Henry Mayhew, ambaye kitabu chake juu ya wafanya kazi na maskini wa mji ule kilitolewa mwaka 1851, aliandika habari za wachuuzi hao, na habari za wezi wa mbwa pia; kwani biashara hizi mbili zilikuwa jirani. Mnunuzi hakuweza kujua kama mnyama aliyepewa leo hakuwa kipenzi cha nyumba nyingine jana. Mshairi Elizabeth Barrett alipata mbwa wake, Flush, kwa njia njema: alipewa na rafiki yake, mwandishi Mary Russell Mitford. Lakini mbwa huyo aliibwa mara tatu kati ya mwaka 1843 na 1846, na kila mara wezi walitaka fidia. Mara ya tatu baba yake mshairi alikataza fidia isitolewe. Binti akapanda gari la farasi pamoja na mtumishi wake, akaenda mwenyewe hata Shoreditch, mtaa wa mafukara, kumtafuta mkuu wa wezi. Sheria ya mwaka 1845 ilikuwa imekwisha kuufanya wizi wa mbwa kuwa kosa la kufungwa, lakini sheria peke yake haikukomesha desturi iliyokuwa na faida. Hivyo swali la asili ya mbwa lilianza kwa kuulizwa juu ya mwenye mali. Juu ya mnyama mwenyewe halikuulizwa bado.

Miaka michache baadaye zilifunguka njia mbili za kumpata mbwa kwa wema, na jambo la ajabu ni kwamba zilifunguka karibu wakati mmoja. Njia ya kwanza ilikuwa ya nasaba. Mwezi wa Juni 1859 maonyesho ya mbwa yalifanywa Newcastle. Mwaka 1873 kikaundwa chama kiitwacho Kennel Club, na mwaka 1874 kikatoa daftari la kwanza la vizazi vya mbwa. Daftari hilo lilikuwa na kasoro yake, kwa maana kupenda umbo fulani kupita kiasi kumewaletea mbwa wa jamii nyingine maradhi ya kurithi. Hata hivyo, lilikuwa na fadhila moja: lilikusudia kumtaja mtoto pamoja na mama yake.

Njia ya pili ilikuwa ya huruma. Mwaka 1860 bibi mmoja, Mary Tealby, alifungua huko Holloway, kaskazini ya London, makimbilio ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Magazeti yalimcheka, yakaona ni upuzi kuwajengea mbwa nyumba katika mji wenye watu wasio na makao. Mwaka 1862 jarida lililohaririwa na Charles Dickens lilichapa makala iliyolinganisha mikusanyiko miwili ya mbwa: wale wa fahari waliokuwa wakishindanishwa Islington, na wale wanyonge wa Holloway, mahali pasipokuwa mbali na hapo. Makala hiyo ilisaidia kuinua heshima ya wanyonge. Bi Tealby alikufa mwaka 1865, lakini kazi yake haikufa. Makimbilio yalihamia Battersea mwaka 1871, na yangali yapo hata leo.

Basi njia mbili njema zilikuwa zikijulikana kabla ya mwaka 1875: kwenda kwa mfugaji amjuaye mama wa mbwa, au kwenda makimbilioni kumtwaa asiye na mtu. Kwa nini, basi, watu wengi walifuata njia ya tatu? Jawabu ni wepesi wake. Mfugaji mwangalifu humwambia mtu angoje, kwa kuwa mbwa wake hazai kila mwezi. Makimbilio humwuliza maswali juu ya nyumba yake, kazi yake na watoto wake. Duka haliulizi ila fedha, wala halingojezi. Mtu aliyeingia saa nne huweza kutoka saa nne na robo na uhai mikononi mwake, na uhai huo wapaswa kutunzwa kwa miaka kumi na zaidi.

Bunge liliingia katika jambo hili mwaka 1951, lilipopitisha sheria juu ya maduka ya wanyama. Sheria hiyo ilimtaka mwenye duka awe na leseni ya baraza la mji. Ilitaka wanyama wawe na nafasi, joto, mwangaza, chakula na maji. Ilikataza wasiuzwe wangali wachanga mno, wala wasiuzwe kwa mtoto wa chini ya miaka 12. Ilikataza pia kuwauza barabarani, lakini iliruhusu vibanda vya sokoni. Kwa ruhusa hiyo soko la Jumapili la Club Row, mashariki ya London, liliendelea kuuza mbwa hata sheria ya mwaka 1983 ilipoliziba tundu hilo. Yote hayo yalikuwa mema. Lakini mkaguzi aliyepima upana wa kizimba dukani hakuweza kupima upana wa kizimba alimozaliwa yule mbwa, umbali wa maili mia mbili. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sheria zilizofuata zilijaribu kufika shambani. Ile ya mwaka 1973 iliwataka wafugaji wa biashara wawe na leseni. Ile ya mwaka 1999 ilikwenda mbali zaidi: mfugaji mwenye leseni asimpandishe mbwa jike kabla ya kutimiza mwaka mmoja, asimzalishe zaidi ya mara sita katika maisha yake, wala asimzalishe tena kabla miezi 12 haijapita. Ilikataza pia asiuze mtoto wa chini ya majuma manane. Hapa ndipo udhaifu ulipojificha, kwani katazo hilo halikuhusu mtoto aliyeuzwa kwa mwenye duka mwenye leseni. Mtu wa kawaida hakuweza kuuziwa mbwa asiyetimiza majuma manane kutoka shambani. Dalali wa dukani aliweza. Sheria ilimlinda mtoto asitengwe na mama yake mapema, kisha ikawaachia mlango wale hasa waliopata faida kwa kumtenga.

Madhara ya kutengwa huko hayakuwa dhana tu. Katika kitabu chao cha mwaka 1965, wataalamu wa Marekani J. P. Scott na J. L. Fuller walieleza utafiti wao wa miaka mingi juu ya mbwa huko Bar Harbor, Maine. Walionyesha kwamba tangu juma la tatu hata kama la kumi na mbili mtoto wa mbwa hujifunza kukaa na mbwa wenzake na kukaa na watu. Apitishaye siku hizo gizani, au ndani ya gari akisafirishwa, hukosa mafunzo ambayo ni vigumu kuyarudisha. Mwaka 2013 uchunguzi uliochapishwa katika jarida la madaktari wa wanyama wa Marekani ulilinganisha mbwa walionunuliwa madukani na wale waliotoka kwa wafugaji wadogo. Wale wa madukani walionekana kuwa na hofu na ukali zaidi. Waswahili husema juu ya binadamu kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mbwa naye hayumo nje ya hukumu hiyo.

Sheria zingeweza kubaki hivyo kwa muda mrefu zaidi kama mama mmoja hangalitoka gizani. Mwaka 2013 mbwa jike aitwaye Lucy, wa jamii ya Cavalier King Charles, aliokolewa kutoka shamba la kuzalishia mbwa katika Wales. Alikuwa na umri wa miaka kama mitano, na alikuwa amekwisha kuzalishwa mara kwa mara. Nyonga zake zilikuwa zimegandamana kwa kufungiwa mahali pembamba, uti wake wa mgongo umepinda, manyoya yamemtoka. Watoto wake, bila shaka, walikuwa wazuri. Nani kati ya walionunua alimfikiria yeye? Lucy alipata nyumba njema, akaishi humo hata Desemba 2016. Mwaka uliofuata Marc Abraham, daktari wa wanyama, akaanza pamoja na wenziwe kudai sheria iitwayo kwa jina lake.

Hoja haikukosa wapinzani. Kamati ya Bunge ilikuwa imekwisha kupendekeza mwaka 2016 kwamba madalali wakatazwe, lakini serikali iliona leseni zatosha, na baadhi ya vyama vya hisani vilichelea kwamba biashara ingejificha. Hofu hiyo ilikuwa na akili ndani yake. Lakini wadai walijibu kwamba biashara ilikuwa imejificha tayari, na duka ndilo lililokuwa pazia lake. Mwaka 2018 watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi ombi lililopelekwa Bungeni. Tangu tarehe 6 Aprili 2020, katika England, dalali hana ruhusa ya kuuza mbwa wala paka wa chini ya miezi sita. Atakaye mtoto wa mbwa sharti aende kwa mfugaji mwenyewe au kwenye makimbilio. Na kanuni zilizoanza Oktoba 2018 humtaka mfugaji mwenye leseni amwonyeshe mnunuzi mtoto akiwa pamoja na mama yake. Wales na Scotland zilifuata mwaka 2021. California ilikuwa imekwisha kuyazuia maduka yake tangu mwaka 2019 yasiuze mbwa ila waliotoka makimbilioni, na Ufaransa ilifunga biashara hiyo madukani tangu Januari 2024.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mambo yalikwisha hapo. Sheria ilianza wakati ule ule watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, na wengi walitaka mwenzi wa miguu minne. Bei zilipanda, na walanguzi wakapanda pamoja nazo. Watoto wa mbwa waliingizwa kutoka nchi nyingine za Ulaya wakiwa na hati za uongo. Wengine waliuzwa katika nyumba zilizopangishwa kwa siku chache, kando ya jike asiye mama yao. Mlanguzi aliyetambua kwamba watu sasa wanamtaka mama, alikodi mama.

Kwa hiyo sheria yahitaji mnunuzi mwenye macho. Mama wa kweli hunyonyesha, na watoto humwendea bila ya kuitwa. Mfugaji wa kweli huonyesha mahali pa kuzalia, huonyesha hati za chanjo na za uchunguzi wa maradhi ya kurithi, hukubali kutembelewa mara mbili, na humwuliza mnunuzi maswali mengi kuliko anayoulizwa. Akutanishaye watu kando ya barabara kuu, au asemaye kwamba mama ametoka kidogo, amejieleza vya kutosha.

Lakini mtihani mgumu wa mnunuzi si werevu, ni huruma. Mara nyingi mtu aliyekwisha kutambua kwamba mbwa aliye mbele yake ni mgonjwa na ametoka pabaya, humnunua kwa sababu hiyo hiyo, apate kumwokoa. Ni tendo la moyo mwema, nalo ndilo lililokuwa mtaji wa biashara hii tangu mwanzo. Kizimba kilichoachwa wazi na mbwa aliyeokolewa kwa fedha hujazwa na mwingine juma linalofuata, na yule jike gizani hupandishwa tena. Mary Tealby aliwahurumia mbwa, wala hakumlipa mtu aliyewatesa. Anayeondoka mikono mitupu, akawaarifu wakaguzi, kisha akangoja zamu yake kwa mfugaji mwaminifu au akaenda makimbilioni, huonekana mgumu wa moyo siku ile. Lakini huruma yake imemfikia mama ambaye hakumwona.