Mkaa wa kuotea moto

Mkaa wa kuotea moto ni mkaa wa miti unaowashwa jikoni au kwenye jiko la kubebeka ili kupasha nyumba joto. Matumizi haya yamezoeleka Mbeya na Iringa, miji ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi hukaza kati ya Juni na Agosti.

Ukadiriaji: Debe na gunia ni vipimo vya ujazo, na uzito wake hubadilika kulingana na aina ya mti na unyevu, kwa hiyo makadirio sahihi hupatikana kwa kupima mkaa kwa mizani na kugawanya uzito huo kwa matumizi ya siku. Mathalani, gunia la kilo 50 hutosha siku 25 kaya ikitumia kilo 2 kwa siku, lakini hutosha siku 20 tu iwapo kuota moto kutaongeza nusu kilo.

Udhibiti: Gharama hupunguzwa kwa kununua mkaa mkavu wakati wa kiangazi, kutumia jiko lenye kuta za udongo zinazohifadhi joto, na kuziba nyufa za kuta na dari. Hata hivyo, chumba chenye jiko hakifungwi kabisa, kwa kuwa mkaa unaoungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua waliolala.