Kasumba Tunayozaliwa Nayo

Desemba 2025 ilitimia nusu karne tangu John Hughes na Hans Kosterlitz, watafiti wa Aberdeen huko Scotland, watangaze katika jarida la Nature kwamba ubongo hujitengenezea afyuni yake wenyewe. Waliipata katika bongo za nguruwe zilizotoka machinjioni, wakaiita enkefalini. Miaka miwili kabla ya tangazo hilo, maabara za Baltimore, New York na Uppsala zilikuwa zimeonyesha kwamba ubongo una vipokezi vinavyoidaka mofini, dawa itokanayo na afyuni. Tangu hapo habari hii husimuliwa kama historia ya maumivu na ya uraibu wa heroini, nami naona imepunjwa nusu yake. Kemikali hizi zinahusu sahani kama zinavyohusu jeraha. Neno kasumba, ambalo leo twalitumia zaidi kwa fikra tulizopandikizwa, lina maana ya afyuni yenyewe, na kwa jambo hili linafaa kwa maana zote mbili: kasumba hii ya kuzaliwa nayo hutuongoza mezani bila sisi kujua.

Ushahidi wa kwanza umo katika kisa cha ngamia, ambacho masimulizi mengi hukipita haraka. Choh Hao Li, mwanakemia mzaliwa wa China aliyefanya kazi California, hakuwa akitafuta dawa ya maumivu. Alikuwa akitafuta siri ya mafuta mwilini. Katikati ya miaka ya 1960 alitoa kwenye tezi za pituitari za kondoo protini yenye asidi amino 91, na kwa kuwa ilionekana kuyayeyusha mafuta, akaiita lipotropini. Baadaye akataka kuilinganisha na ya ngamia, mnyama anayeweka akiba yake ya mafuta nunduni, na tezi zikaletwa kutoka Iraq. Lipotropini aliyoitarajia hakuiona. Alichokipata ni kipande cha asidi amino 31, ambacho hakikuwa na kazi yoyote aliyoijua, akakiweka kando. Habari za Aberdeen zilipotoka, ilibainika kuwa asidi amino tano za mojawapo ya enkefalini ndizo zinazoanzia kipande kile. Mwaka 1976 Li na David Chung walichapisha muundo wake. Ndiyo beta-endofini, ambayo ikidungwa ubongoni huizidi mofini kwa nguvu. Aliyetafuta mafuta akaangukia afyuni, na dunia ikaishika afyuni ikasahau mafuta.

Wachache hawakusahau. Mwaka 1974, kabla hata enkefalini haijapewa jina, Stephen Holtzman wa Atlanta alionyesha kwamba nalokseni, dawa inayoziba vipokezi vya afyuni, huwapunguzia panya kula. Mwaka 1977 Grandison na Guidotti waliidunga beta-endofini ubongoni mwa panya, katika haipothalamasi, na panya wakaongeza kula. Lakini wanakula kwa njaa, au kwa utamu? Swali hili ndilo kiini cha hoja yangu, na jibu lilikuja miaka ya 1990, pale Adam Drewnowski na wenzake walipowapa nalokseni wanawake wenye tatizo la kula kupita kiasi kwa vipindi. Walichopunguza hasa ni vyakula vitamu vyenye mafuta mengi, na wenzao wasio na tatizo hilo hawakubadilika vile. Kama kemikali hii ingekuwa njaa tupu, dawa ingepunguza kila kilichomo sahanini. Kazi yake kubwa, basi, ni kukifanya chakula kipendeze, hata mtu aendelee kula baada ya haja kwisha.

Yapo mapingamizi, na si ya kupuuzwa. Mwaka 2003 ilichapishwa habari ya panya dume waliozaliwa bila beta-endofini: badala ya kukonda, walikula kupita kiasi wakanenepa. Jambo hilo lingeiangusha hoja yangu kama ningedai kwamba kemikali hii ina kazi moja tu. Protini mama inayokatwa ikatoa beta-endofini hutoa pia homoni inayozuia kula, na athari hutegemea ni wapi ubongoni kitu kimeachiwa na wakati gani. Wengine watasema dawa zinazoziba vipokezi hivi zina nguvu ndogo. Ni kweli kwamba mchanganyiko wa naltreksoni, ambayo nayo huviziba, na dawa nyingine, bupropioni, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2014, huondoa uzito kwa kiasi tu. Hilo laonyesha kwamba kula kuna milango mingi, wala halionyeshi kwamba mlango huu haupo.

Februari 2025 watafiti wa Köln, Ujerumani, waliandika katika jarida la Science kwamba seli zilezile zinazompa panya ishara ya shibe huachia pia beta-endofini, nayo huamsha hamu ya sukari. Njia hiyo ilipozibwa, panya walioshiba waliacha kuongeza sukari. Wenye njaa hawakubadilika. Anayemshauri mtu mwenye unene na kumwambia tu ajizuie, kana kwamba tatizo lake ni uroho, anampa nusu ya elimu iliyopo. Amweleze na hii nusu ya pili, kwa sababu ushahidi wake ulianza na panya wa Holtzman, mwaka 1974.