Mbio za Watu wa Bondeni

Wakimbiaji wetu hutoka mlimani. Stephen Kiprotich, aliyeiletea Uganda dhahabu ya marathoni mjini London Agosti 2012, ni mtu wa Kapchorwa, na mazoezi yake aliyafanya Eldoret, ng'ambo ya mpaka. Joshua Cheptegei naye ni wa Kapchorwa. Sisi wa Buteba tuko bondeni, katikati ya Busia na Tororo, kwenye nchi ya mtama, mihogo na mbu. Ukimwona mtu mzima anakimbia barabarani alfajiri, ujue kuna msiba. Nilipoanza mazoezi, kijana wa bodaboda alizima pikipiki yake akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, nani ametutoka?"

Hakuna aliyetutoka. Mwaka uleule aliposhinda Kiprotich, klabu za Rotary za Uganda zilianzisha mbio za kuchangia matibabu ya saratani. Fedha zake zilikwenda kujenga wodi ya wagonjwa wa saratani katika Hospitali ya Nsambya, Kampala, kisha vyumba vya zege nene vya kuwekea mashine za mionzi. Najiandaa kukimbia kilomita 21 za mbio hizo. Mimi ni mwanamke wa titi moja. Jingine liliondolewa, nikapewa dawa za kudungwa, nikachomwa mionzi, nikapona.

Majirani wengi huniambia kansa ni ugonjwa wa siku hizi, umeletwa na mafuta ya kupikia na vyombo vya plastiki, na tiba yake iko India kwa wenye hela. Nimefundisha somo la jamii miaka mingi, na maneno haya yananiuma kwa sababu historia yetu inasema vingine kabisa. Daktari Albert Cook, aliyefungua Hospitali ya Mengo mwaka 1897, aliandika katika kumbukumbu zake habari za watoto wenye uvimbe wa taya. Daftari la saratani la Kampala limekuwapo tangu 1951, na Afrika nzima hakuna mengi yaliyolitangulia. Bibi zetu walikufa kwa ugonjwa huu, ila hakuna aliyeutaja kwa jina.

Mwaka 1957, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliitwa kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili. Muda mfupi baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, kwenye barabara hii yetu ya kwenda Kampala, akamwona nje mtoto wa kike mwenye uso uliovimba vilevile. Watoto wawili, hospitali mbili, uvimbe ule ule. Alianza kupekua mafaili, akatuma picha kwa hospitali za Afrika akiuliza nani ameuona ugonjwa huu. Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri wiki kumi, kilomita kama 16,000, hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali moja baada ya nyingine.

Walirudi na ramani. Uvimbe ule ulikuwa bondeni, penye joto na mvua, ukikoma kadiri nchi inavyopanda. Kwanza Burkitt alidhani sababu ni kimo cha nchi. Baadaye akaelewa kwamba ni joto na mvua, yaani nchi ya mbu na malaria. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, waliopokea London vipande vya uvimbe kutoka Kampala, waliona ndani yake kirusi ambacho leo kina majina ya Epstein na Barr. Mimi huitazama ramani hiyo na kuona kwamba nyanda za juu zilizotupa wakimbiaji ndizo uvimbe huo ulizozikwepa. Sisi wa chini tuliachiwa mbu na maradhi. Lakini tiba nayo ilianzia huku chini.

Hilo ndilo ninalotaka watoto wa Buteba walijue. Mwaka 1967, katika majengo ya zamani ya Mulago, Chuo Kikuu cha Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani vilifungua kituo kidogo cha kutibu uvimbe huo, kikiongozwa na Mmarekani kijana, John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wakati ambapo kwingi duniani saratani ilikatwa kwa kisu au kuchomwa kwa mionzi, huku watoto walipewa dawa, na uvimbe uliofunika jicho ukayeyuka ndani ya siku chache. Wengine walirudi nyumbani wamepona kabisa. Mwaka 1972 Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker huko Marekani kwa kazi hiyo. Mwaka huohuo, chini ya Idi Amin, Wamarekani waliondoka. Daktari Charles Olweny, raia wa Uganda, aliongoza kituo pamoja na wauguzi na madaktari waliobaki, na baada yake Daktari Edward Katongole-Mbidde akakishika katika miaka ambayo dawa zilikuwa haba. Kukimbia kilomita 21 ni jambo dogo mbele ya kazi ya watu hao.

Mionzi ndiyo iliyotuchelewesha. Uganda haikuwa na mashine yake hadi 1995. Kabla ya hapo aliyehitaji mionzi alivuka mpaka kwenda Nairobi, kama alikuwa na nauli na ndugu wa kumpokea. Mpaka wenyewe tuliwekewa: mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika eneo ambalo baadaye likawa Kenya, na sisi Iteso, watu wa hapa, tukajikuta pande mbili. Shangazi yangu alikuwa na dada zake Amagoro, ng'ambo. Alificha uvimbe wake ndani ya leso mpaka ukapasuka. Familia ilipokubaliana kumpeleka Nairobi, hakuweza tena kukaa kwenye basi. Wakati huo nilikuwa msichana, nami ndiye niliyefua vile vitambaa.

Mwaka 2016 mashine ile pekee ya Mulago iliharibika kabisa. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400 bila malipo, na kwa mara nyingine njia ya kutafuta mionzi ikapita huku mpakani. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Ndiyo maana vile vyumba vya zege vya Nsambya vina maana kubwa kwangu. Mashine moja kwa nchi nzima ikifa, wagonjwa hawawezi kungoja hadi inunuliwe nyingine.

Mimi mwenyewe mionzi niliipata, na nikarudi nyumbani na maonyo. Niliambiwa mkono wa upande uliopasuliwa usibebe mzigo, usije ukavimba. Katika kijiji kinachochota maji kwenye bomba la kupampu, nani atanibebea jerikani maisha yangu yote? Baadaye nilikuja kusoma habari za Don McKenzie, daktari wa michezo wa Vancouver, Kanada, ambaye mwaka 1996 aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti akawafundisha kupiga makasia ya mashua ndefu. Madaktari wengi waliogopa kwamba mikono itavimba. Haikuvimba, na wanawake wale wakazidi kupata nguvu. Nilianza na jerikani ya lita tano, kisha kumi, huku nikiutazama mkono kila jioni. Ndipo nikaanza kutembea hadi njia panda, kisha kukimbia kati ya mwembe mmoja na mwingine.

Dawa ziliniachia ganzi kwenye vidole vya miguu, hivyo sikimbii bila mwanga wa kutosha, maana jiwe nalisikia nikishaanguka. Raba zangu ni za mtumba kutoka soko la Busia, kubwa kidogo kuliko mguu. Titi la kitambaa nililishona mwenyewe. La kwanza la pamba lilinyonya jasho likawa zito, nikashona jingine kwa sponji. Anga ikiwa safi, mwamba wa Tororo unaonekana kaskazini, nami huuelekea nikiwa bado na pumzi.

Kuna desturi moja huku ambayo nimeipigania kuliko mbio. Chama chetu cha mazishi kina turubai, viti, sufuria kubwa na daftari. Mtu akifa, kila nyumba hutoa pesa, unga na kuni, na hakuna anayeuliza maswali. Nilipougua niliomba nauli ya Kampala. Katiba ilitaja kifo, haikutaja nauli. Waliniambia hivyo kwa huruma ya kweli, na kila mmoja akanipa alichokuwa nacho mfukoni. Lakini ilinilaza macho kujua kwamba jeneza langu lilikuwa limeshalipiwa, na safari ya kuliepuka bado.

Tangu hapo, kila mkutano niliinua mkono. Nilisimulia habari za Burkitt na watoto wa Jinja, nikasimulia za shangazi, ambaye wazee walimkumbuka. Mwaka jana chama kilipiga kura: sehemu ya mchango wa kila mwezi itengwe kwa nauli ya mwanachama anayekwenda kupimwa au kutibiwa, na anayeomba asilazimishwe kueleza mbele ya watu anaumwa wapi. Wa kwanza kuitumia alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akitokwa na damu baada ya kukoma hedhi. Alipimwa mapema na sasa yuko kwenye matibabu. Mwaka huu chama kitakodi matatu ya kwenda kwenye mbio. Wengi watatembea zile kilomita tano, na mweka hazina, ambaye ndiye aliyenisomea katiba siku ile, ameomba kujaribu kumi. Tunafanya naye mazoezi Jumanne na Ijumaa.