Uigaji wa injini kwa kompyuta

Uigaji wa injini kwa kompyuta ni njia ya kufundisha themodinamiki na mwako kwa kutumia programu inayokokotoa shinikizo na halijoto ndani ya silinda kadiri pistoni inavyosogea.

Kwa mfano, katika mzunguko wa Otto wa kinadharia unaotumia hewa, kuongeza uwiano wa mgandamizo kutoka 8 hadi 10 hupandisha ufanisi kutoka asilimia 56 hadi 60 hivi. Injini halisi ya petroli haifikii kiwango hicho, kwa sababu joto hupotea kwenye kuta za silinda, mwako huchukua muda na vipuri husuguana. Tena mgandamizo ukizidi, sehemu ya mchanganyiko hujiwasha kabla ya kufikiwa na mwali, na injini hugonga. Programu isiyozingatia mambo hayo humpotosha mwanafunzi. Kwa hiyo matokeo yake hulinganishwa na vipimo vya injini halisi.