Queen: Bendi iliyopendwa na umati, ikalaumiwa kwa Sun City

BENDI ya Queen ni miongoni mwa makundi ya roki yaliyouza rekodi nyingi zaidi duniani, lakini tangu ilipoundwa jijini London mnamo 1970 haijapata kukubaliwa na wote. Mkusanyo wa nyimbo zake, Greatest Hits, uliotolewa mwaka wa 1981, ndio albamu iliyouzwa zaidi Uingereza. Mnamo 2022 ulikuwa wa kwanza nchini humo kufikisha nakala milioni saba.

Waanzilishi walikuwa mwimbaji Freddie Mercury, mpiga gita Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. John Deacon wa gita la besi alijiunga nao 1971. May alikatiza masomo ya falaki kwa ajili ya muziki, akaja kutunukiwa shahada ya uzamifu 2007.

Kibao Bohemian Rhapsody cha 1975, chenye urefu wa takriban dakika sita na kisicho na kiitikio, kilikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa majuma tisa. Wahakiki wengi hawakushawishika, wakidai kwamba bendi hiyo ilijaa makeke na majivuno. Mwaka wa 1979 Dave Marsh wa jarida la Rolling Stone alifikia hatua ya kuihusisha na ufashisti, kwa hoja kwamba We Will Rock You ulikuwa wimbo wa kuamrisha umati. Lawama hiyo ilipita mipaka. Leo wimbo huo huimbwa viwanjani na mashabiki wasiojua hata mtunzi wake.

La Sun City, hata hivyo, ni zito zaidi. Oktoba 1984 Queen ilitumbuiza katika kituo hicho cha anasa na kamari kilichokuwa Bophuthatswana, mojawapo ya maeneo ambayo utawala wa makaburu uliwatengea Waafrika na kuyaita mataifa huru. Nje ya Afrika Kusini hakuna serikali iliyotambua uhuru huo. Kwa kuwa kamari ilikuwa marufuku kwingineko nchini, wateja walivuka “mpaka” kwenda kujistarehesha, na kila msanii mashuhuri aliyepanda jukwaani pale aliupa utengano sura ya uhalali.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii tangu 1980 kususia Afrika Kusini. Queen iliorodheshwa miongoni mwa waliokaidi, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kikaitoza faini. Wanabendi walijitetea kwamba hawakuwa wanasiasa, na kwamba ukumbi ulikuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Walichangia pia shule ya watoto wenye ulemavu wa kusikia na kuona. Utetezi huo haukugusa kiini cha suala: mgomo haukuhusu ni nani aliyeketi ukumbini, bali ulihusu ukumbi wenyewe. Mwaka uliofuata Steven Van Zandt wa Marekani aliwakusanya wasanii kurekodi wimbo wa kuapa kutotumbuiza Sun City.

Mnamo Julai 13, 1985, miezi tisa tu baada ya Sun City, Queen ilipanda jukwaa la Live Aid uwanjani Wembley kuchangisha fedha za waathiriwa wa njaa Ethiopia. Dakika zipatazo ishirini zilitosha kuirejeshea sifa. Mercury alifariki kutokana na Ukimwi Novemba 24, 1991, siku moja baada ya kutangaza kuwa anaugua. Novemba 2003 May na Taylor walitumbuiza Cape Town katika tamasha la 46664, nambari ya gerezani ya Nelson Mandela, kuunga mkono vita vyake dhidi ya maradhi hayo.

Zanzibar nayo ina hesabu zake na Mercury. Alizaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mwana wa Waparsi kutoka India. Familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Sherehe iliyopangwa kufanyika ufuoni 2006, ambapo angetimiza miaka 60, ilifutwa baada ya kundi la Kiislamu la Uamsho kupinga vikali kutukuzwa kwa mtu aliyejulikana kwa uhusiano wa kimapenzi na wanaume. Watalii hawakuacha kuulizia alikokulia, na mwaka wa 2019 makavazi yenye jina lake yalifunguliwa Shangani, kwenye Barabara ya Kenyatta.